Usukani Ukitetemeka, Pima Kabla ya Kununua

Ndugu msomaji, gari lina lugha yake, na mtetemo ni neno mojawapo katika lugha hiyo. Shida ni kwamba neno hilo lina maana nyingi. Usukani unaotetemeka mara dereva akanyagapo breki waweza kuwa unasema kwamba diski imelika vibaya, au kwamba beringi imelegea, au kwamba nati za gurudumu zimekazwa kwa papara, au kwamba kipande cha kutu kisichozidi ukucha kimekaa mahali kisipostahili. Aghalabu sisi wenye magari husikia maana moja tu: "Diski zimepinda." Hapo mkoba hufunguliwa, diski mpya hununuliwa, na baada ya miezi michache mtetemo hurejea kana kwamba hapakufanyika kitu.

Nimeyaona hayo kwa miaka yote niliyoshika spana katika karakana za Dar es Salaam kabla ya kustaafu. Hata hivyo, mfano ulio wazi kuliko yote niliupata mbali na nyumbani, mwaka 2023, nilipomtembelea mpwa wangu aishiye katika jimbo la Kent, Uingereza. Nakuletea mfano huo kwa sababu gari lake hutumika kwa ukali kuliko magari yetu, na ukali huo hufichua kwa siku moja mambo ambayo gari la familia huyaficha mwaka mzima.

Mpwa wangu ana kigari cha michezo cha viti viwili, cha Kijapani, kilichokwisha kuzeeka. Siku za kazi humpeleka kazini. Mara moja moja, siku ya mapumziko, hukipeleka katika uwanja wa Brands Hatch. Uwanja huo ndio uliokuwa ukiandaa mashindano makubwa ya magari ya Uingereza kila baada ya miaka miwili, kuanzia 1964 hadi 1986. Siku hizi mtu wa kawaida aweza kulipa kiingilio, akavaa kofia ngumu, akasikiliza maelezo ya usalama, kisha akaliendesha gari lake mwenyewe katika njia ile ile. Hayo si mashindano. Hapana kombe wala mshindi, na dereva hapiti gari la mwenziwe ila kwa taratibu zilizowekwa. Watu huenda kujifunza kuendesha, na kuonja kasi mahali ambapo hapana mtoto avukaye barabara.

Njia fupi ya uwanja huo haifiki kilomita 2, kwa hiyo kona hufuatana upesi na breki hazipati nafasi ya kupumua. Dereva hushuka kwa kasi katika kona ya kwanza, hupanda kilima, kisha hukanyaga breki kwa nguvu ili aingie katika kona kali iitwayo Druids. Baada ya dakika moja hivi amekwisha kurudi pale pale kufanya vile vile.

Yafaa tutazame kinachotokea hapo. Gari la tani moja likipunguza mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80, nguvu ile ya mwendo haipotei, hugeuka joto. Joto hilo linatosha kuyafanya maji ya kawaida, lita mbili na ushei, yachemke. Mama wa nyumbani ajuaye muda wa kuchemsha maji ya chai ya watu wanane atastaajabu kusikia kwamba breki hutoa joto hilo kwa sekunde chache tu, tena kona baada ya kona. Ndiyo maana diski zilipata sifa yake viwanjani. Mwaka 1953 Jaguar ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, kwa magari yaliyofungwa diski za Dunlop. Diski hukaa wazi upeponi na kupoa upesi kuliko breki za ngoma, ambazo hujifungia joto lake ndani.

DAFTARI LA MATUMIZI

Nilipofika kwa mpwa wangu nilikuta gari hilo limekuwa neno zito nyumbani. Katika muda wa miezi kumi na minne alikuwa amekwisha kununua diski za mbele mara tatu. Mkewe, ambaye ndiye mtunza hesabu ya nyumba, alinionyesha daftari lake bila hasira.

"Mjomba," aliniambia, "mimi sina ugomvi na gari lake. Anafanya kazi kwa bidii, na mtu hana budi kuwa na kitu cha kumfurahisha. Lakini tulikuwa tunaweka akiba ya nauli ili mtoto akamwone bibi yake Tanga, na nauli hiyo inaishia magurudumuni. Nataka kujua tu, diski hizi zitanunuliwa mpaka lini?"

Bibi huyo wa Tanga ni dada yangu mkubwa. Miguu yake haimruhusu tena kusafiri, na mjukuu wake anamjua kwa picha tu. Kwa hiyo swali lile halikuwa la mkaza mpwa peke yake, lilikuwa langu pia.

Mpwa wangu naye alikuwa na jibu lake. "Mjomba, kila aendaye uwanjani hupinda diski. Ndivyo mchezo ulivyo."

Nikamwuliza, "Umezipima?"

"Kuna haja gani ya kupima, Mjomba? Si zinatetemeka?"

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha habari hii. Kutetemeka ni dalili. Mtu mwenye homa hajasema bado kama ana malaria au kidonda kilichooza, na daktari anayetoa dawa kwa kugusa paji la uso tu hatumwiti daktari. Diski ya breki nayo ni chuma kinene cha kusubu. Kupinda kwaweza kutokea, lakini ni kwa nadra kuliko watu wanavyosema. Carroll Smith, mhandisi wa Kimarekani wa magari ya mashindano aliyefanya kazi katika magari ya Ford yaliyokimbia Le Mans, alipata kuandika makala nzima kueleza kwamba diski nyingi zinazoitwa zilizopinda hazikupinda hata kidogo. Ama uso wake umepakwa mabaki ya pedi yasiyo sawa, ama unene wake umetofautiana.

HATARI KWANZA

Katika kazi yetu ipo kanuni niliyowafundisha vijana wote niliofanya nao kazi: anza na lenye hatari, lifuate lisilo na gharama, la fedha liwe la mwisho. Wengi hufanya kinyume chake. Huanza na duka la vipuri.

Basi tulianza na hatari. Tulilipandisha gari kwa jeki, tukaliweka juu ya vigingi imara, maana mtu mwenye akili haingii chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Nililishika gurudumu juu na chini nikalitikisa, ili nione kama beringi au viungo vya mikono yake vimelegea. Kisha nikalishika kushoto na kulia kuangalia viungo vya usukani. Tukakagua nati, mipira ya mafuta ya breki, unene wa pedi na bushi za mikono ya chini. Lau tungekuta beringi iliyolegea au nati iliyofunguka, mazungumzo ya diski yangekomea hapo, kwani hayo huua. Tulishukuru kuvikuta vyote vizima.

Baada ya hapo nilimwuliza maswali, nayo hayana bei. Je, hutetemeka hata usipokanyaga breki? Akasema la. Hilo likaondoa mashaka juu ya balansi ya magurudumu na tairi lenye kovu, ambavyo kwa kawaida hutikisa gari katika mwendo fulani hata mguu ukiwa mbali na breki. Je, waisikia wapi? Akasema mikononi kwanza, na pedeli nayo humpiga mguu taratibu kama mpigo wa moyo. Mtetemo wa usukani huelekeza kidole kwenye magurudumu ya mbele. Ule wa nyuma aghalabu husikika kitini. Mpigo wa pedeli nao hudokeza kwamba unene wa diski si sawa pande zote, kwa sababu kila sehemu nene inapopita kati ya pedi huzisukuma, nazo huyasukuma mafuta ya breki hadi chini ya unyayo.

Hapa natoa tahadhari moja. Magari mengi ya siku hizi yana mtambo wa kuzuia magurudumu yasigande dereva akanyagapo breki kwa ghafla. Mtambo huo nao hupiga pedeli kwa mapigo ya haraka katika utelezi au katika dharura. Huo si ugonjwa, ni kazi yake. Asiondoe mguu kwa hofu mtu anayeusikia.

KIPANDE CHA KUTU

Mpwa wangu alikuwa ameazima kwa rafiki yake saa ndogo ya kupimia, ile yenye mshale na ncha inayogusa chuma, isomayo mia ya milimita. Tuliondoa gurudumu, tukaibana diski kwenye habu kwa nati zake na vipande vya washa ili ikae kama inavyokaa safarini, kisha tukaizungusha pole pole huku ncha ya saa ikigusa uso wake. Upande wa kulia mshale ulicheza kwa milimita 0.04. Upande wa kushoto ulicheza kwa 0.14. Magari mengi huwekewa kikomo kisichozidi milimita 0.1, na mengine nusu ya hapo.

"Basi ni kweli imepinda!" alisema mpwa wangu, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Nikamwambia asubiri. Tulitia alama ya chaki pale diski ilipotoka nje zaidi, na alama nyingine kwenye msumari wa habu uliokuwa karibu na mahali hapo. Tukaifungua diski, tukaigeuza nusu mzunguko, tukaifunga tena na kupima upya. Kama kasoro ingekuwa ya diski, ingehama pamoja na alama ya diski. Haikuhama. Ilibaki pale pale kwenye msumari ule ule. Diski ilikuwa inatangaza kosa la mwenzake.

Tulipomulika habu kwa tochi tuliona pete ya kutu, na karibu na msumari ule palikuwa na gamba gumu la kutu lililogandamizwa mpaka likawa kama sehemu ya chuma. Diski tatu zilikuwa zimefungwa juu yake, moja baada ya nyingine, na hapana fundi hata mmoja aliyepiga brashi. Tulifanya kazi ya dakika ishirini kwa brashi ya waya na msasa, tukafuta vumbi, tukarudisha diski ile ile. Mshale sasa ulicheza kwa 0.03.

Huenda wajiuliza, msomaji, mbona diski mpya zilikwenda vizuri kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza kutetemeka, ikiwa kutu ilikuwapo tangu siku ya kwanza? Swali hilo ndilo linalowapoteza wengi. Diski inayoyumba kidogo haitikisi gari papo hapo, kwa kuwa kalipa huweza kuyumba pamoja nayo. Lakini dereva asipokanyaga breki, sehemu iliyotoka nje huendelea kuisugua pedi kila gurudumu linapozunguka. Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu la kigari kama kile huzunguka mara 15 hivi kwa sekunde. Bandu bandu huisha gogo. Baada ya maelfu ya kilomita sehemu hiyo huwa nyembamba, na hapo ndipo mtetemo huzaliwa. Tuliupima unene wa diski kwa maikromita mahali panane kuizunguka, tukakuta tofauti ya milimita 0.03. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo, hata hivyo tofauti hiyo yatosha kuutikisa usukani.

Kwa hiyo diski ile ilikuwa imeharibika kweli, ila haikuwa imejiharibu. Kufunga ya nne bila kusafisha habu kungekuwa kuipandisha juu ya jiwe lile lile.

JOTO NA NATI

Palikuwa na mambo mengine mawili. La kwanza ni desturi ya mpwa wangu baada ya kutoka uwanjani. Alikuwa akiingia moja kwa moja penye maegesho breki zikiwa bado zinafuka joto, akasimama huku amekanyaga pedeli, kisha akavuta breki ya mkono. Pedi iliyopata joto kupita kiasi, ikibanwa mahali pamoja juu ya diski ya moto, huacha alama yake kama pasi iliyosahaulika juu ya shati. Kila gurudumu linapozunguka alama hiyo hushika kwa namna tofauti. Ikiendelea kupata joto la takriban nyuzi 700, chuma chini yake chaweza kugeuka kuwa kigumu kuliko sehemu nyingine, na hapo hata kuikereza diski hakusaidii sana.

Dawa yake ni nyepesi. Mzunguko wa mwisho uendeshwe pole pole, breki zikiguswa kidogo tu ili upepo uzipooze. Gari likifika maegeshoni liachwe katika gea na kuwekewa kabari chini ya magurudumu, breki ya mkono ikiwa imeachiliwa mpaka zipoe. Pedi nazo zichaguliwe kwa kazi yake. Pedi laini ya barabarani huyeyuka na kujipaka ikipelekwa uwanjani. Ile ngumu ya mashindano huhitaji joto ili ishike, na asubuhi ya baridi barabarani huweza kumwangusha mwenyewe.

La pili ni nati. Katika duka moja la matairi, magurudumu yake yalikuwa yamekazwa kwa mashine ya upepo, nyingine kwa nguvu nyingi mno na nyingine kwa nguvu ndogo. Nati zisizokazwa sawa huibana diski upande mmoja na kuizidishia kuyumba. Nati hukazwa kwa mkono, kwa kukingamana, kisha humaliziwa kwa spana yenye kipimo, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Mpwa wangu alinunua diski za bei ya wastani, mbili kwa pamoja, kwani magurudumu ya mbele hushughulikiwa kwa jozi. Zilipofungwa tulizipima, na mkewe akaviandika vipimo katika daftari lake la matumizi, kando ya bei: kushoto 0.03, kulia 0.04. Pedi mpya zilizoeshwa taratibu kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Miezi minane baadaye, baada ya siku nne za uwanjani, walinipigia simu. Usukani ulikuwa umetulia na vipimo havijabadilika. Mkaza mpwa akaongeza kwamba ukurasa wa nauli ya Tanga umeanza kujaa tena, naye dada yangu ameambiwa aanze kuhesabu miezi.

NA SISI JE?

Huenda huna kigari cha michezo, wala huna nia ya kwenda Brands Hatch. Lakini mtu anayeteremka Mlima Kitonga kutoka Iringa, gari limejaa watoto na magunia, mguu haubanduki kwenye breki, anazipa breki zake mtihani wa aina ile ile. Na yeye ashuke kwa gea ndogo, aiache injini isaidie kulizuia gari. Akifika chini na breki za moto, asisimame akizibana, wala asizimwagie maji. Aende mwendo mdogo kwa kitambo ili zipoe. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kwa wakati wake, kwani hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka, na yenye unyevu huchemka mapema na kuiacha pedeli ikizama chini bila kusimamisha kitu.

Usukani ukianza kutetemeka, nenda kwa fundi ukiwa na maneno manne: lini, wapi, mwendo gani, na baada ya kazi gani. Mtetemo ulioanza siku moja baada ya kubadilisha tairi una habari yake, na ule ulioanza baada ya kuteremka mlima una habari nyingine. Kisha, kabla hujatoa fedha ya diski, mwulize fundi kwa upole: umekagua beringi na viungo? Umesafisha uso wa habu? Umepima diski kabla na baada ya kuifunga? Fundi wa kweli hachukizwi na maswali hayo. Asiye na saa ya kupimia bado ana macho, tochi na brashi ya waya, na ndivyo vilivyoigundua kutu ile.

Mshahara wa mfanyakazi hauna nafasi ya kununua kitu kimoja mara nne. Na breki si mahali pa kubahatisha, kwa kuwa wanaokaa nyuma ya dereva ndio wale wale anaowafanyia kazi.